Kisu cha Kwenda Nacho kwa Watu

Watu wa idara ya maji walimwita Sikio, naye akaitika. Si kwamba alikuwa na masikio makubwa kuliko ya wenzake. Kazi yake ndiyo ilikuwa masikio. Kila alfajiri, kabla magari hayajaanza kunguruma na redio hazijafunguliwa, alifuata bomba kuu la mji mtaa kwa mtaa, mkononi ana fimbo ya chuma ya kimo cha mtoto wa miaka kumi. Akifika penye koki alichutama, akaisimamisha fimbo juu ya chuma, akaweka sikio kwenye kikombe kidogo cha mbao kilichofungwa huku juu, akafumba macho. Bomba zima huvuma polepole, kama mtu aliyelala vizuri. Bomba linalovuja hufoka: ssss, kwa mbali, kama mama anayemnyamazisha mtoto chumba cha pili. Sikio aliweza kukwambia mvujo ni wa tundu au wa ufa, uko hatua nne mbele au sita, na mara nyingi wachimbaji walipofukua walikuta ni kweli.

Kazi hiyo ilimfaa kwa sababu nyingine pia: alikuwa kiguu na njia. Mkewe, fundi cherehani wa sare za shule, aliwaambia wateja kwamba viti vya nyumba ile vilinunuliwa kwa ajili ya wageni tu, maana mwenye nyumba hajawahi kukipasha moto hata kimoja. Ujanani walimweka nyuma ya kaunta ya duka la mjomba wake. Siku ya nne mjomba akamkuta nje anafagia barabara ya watu wengine. Akamwambia, “Mwanangu, nenda tu. Wewe ukikaa unaoza.” Tangu hapo miaka kumi na tisa imepita, na Sikio hajakaa.

Sasa, mtu wa mabomba hawezi kutembea bila kisu. Vifuniko vya koki hufunikwa na majani na mizizi. Bila kitu cha kukatia utashinda unakuna ardhi kwa kucha kama kuku. Kwa miaka mingi Sikio alitumia kisu cha jikoni kilichovunjika ncha, alikitupa ndani ya mfuko pamoja na spana, akavaa ovaroli la bluu lililochujuka mpaka likawa na rangi ya moshi. Hakuna aliyemtazama mara mbili.

Aliyeharibu mambo ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, muuza mitumba ya buti na jaketi. Siku moja alimwona dada yake akitia kiraka cha sita kwenye lile ovaroli, akacheka mpaka akashika ukuta.

“Shemeji, mtu mzima unakwenda kazini kama umefukuzwa nyumbani? Njoo kibandani kwangu nikuvalishe kazi yako.”

Akamvalisha. Jaketi jeusi lenye mifuko kumi na mmoja. Buti nyeusi za kufungwa mpaka katikati ya miundi. Kofia ya kushuka hadi kwenye nyusi. Begi jeusi la kubana mgongo. Na kisu. Kisu chenyewe kilikuwa cheusi kuanzia mpini mpaka ncha, nusu ya ubavu wake ina meno kama msumeno, kinaning'inia kiunoni kwa kibanio, na ukikisukuma kwa kidole gumba tu kinafunguka: taka! Sikio alikifungua na kukifunga njia nzima ya kurudi nyumbani. Alijisikia mtu. Shemeji alikuwa amemwambia, “Ukiingia msituni hivyo, hata simba atakuamkia.”

Lakini Sikio hakuwa anaingia msituni. Alikuwa anachutama alfajiri nyuma ya kuta za watu.

Wa kwanza alikuwa mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi, aliyempigia filimbi mpaka pumzi ikamwishia. Sikio alimwonyesha kitambulisho, wakacheka. Wa pili ni muuza maziwa. Alikata kona na baiskeli yake, akamkuta mtu mweusi tii anainuka kutoka ardhini na chuma mkononi, na maziwa yote yakanywewa na barabara. Yule hakucheka, alikwenda idarani kulalamika. Sikio alipolisimulia nyumbani alimwigiza muuza maziwa anavyotapatapa, na watoto wakaanguka kwa kicheko. Mkewe tu ndiye hakucheka. Alikata uzi kwa meno, akasema, “Maskini, siku yake nzima ile.”

La tatu lilikuja kwa barua. Msimamizi wake, mama mwenye miwani ambayo muda wote ilikaa juu ya kilemba, alimwita ofisini akamwambia aisome mwenyewe kwa sauti. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyefundishwa kuandika akachapwa asipoandika vizuri.

“Jumanne saa kumi na moja na nusu alfajiri nimeona kwa dirisha la jikoni mwanamume mwenye nguo nyeusi amechutama nje ya ukuta wangu. Ana chuma kirefu ameweka sikio, anasikiliza kama nimelala. Kisha akatoa kisu kiunoni. Ni mara ya tatu. Naishi peke yangu. Kama ni mtu wenu, mwambieni. Kama si mtu wenu, niambieni.”

Chini yake: Nesi mstaafu, nyumba ya kona, ukuta mweupe.

“Ni mtu wetu?” akauliza msimamizi.

“Bosi, wewe si unanijua!”

“Mimi nakujua. Mimi nilikusomea hotuba siku ya tuzo yako ya miaka kumi na mitano. Yeye hakujui. Na hebu jitazame.” Alimsukumia karatasi ya kung'aa ya kalenda ili ajione. “Ningekuwa mimi nisingeandika barua. Ningemwaga maji ya moto.”

“Pale kwake kuna mvujo, bosi. Mara tatu zote nimeusikia, na unakua. Koki iko ndani, chini ya mizizi ya ua wa miti. Kisu nilikitoa nikate majani ya nje ya ukuta: maji yanakula udongo chini yake, ufa nimeuona.”

“Kama upo, uzibwe. Lakini nisikilize.” Akanyoosha kidole kwenye ukumbi, kwenye dirisha la malalamiko, ambapo mzee wa daftari alikuwa anamsikiliza mteja huku amefumba jicho moja. “Yule anastaafu mwisho wa mwezi. Mkurugenzi anataka nitoe mtu kutoka kwangu. Nikiletewa lalamiko moja tu zaidi juu yako, kiti kile chako. Sikuonei. Sina jinsi nyingine ya kumjibu mkurugenzi.”

Mwisho wa mwezi ulikuwa siku sita mbele.

Mzee wa daftari alikwenda kunywa chai, na Sikio, kama mtu anayejaribu jeneza, akaenda akakikalia kiti. Kilikuwa na mto wa sifongo uliobonyea kwa umbo la mtu mwingine. Mbele yake kulikuwa na kioo chenye tundu la ukubwa wa sahani. Kwa muda usiofika robo saa alikuwa amefungua kalamu na kuifunga, amehesabu vigae vya dari, amegundua bomba la maliwato ya ofisi linavuja, na goti lake la kushoto lilikuwa linagonga ubao wa chini kiasi kwamba mteja aliinama kuangalia kama kuna mbwa. Aliporudi mzee wa daftari, Sikio alikwishafika barabarani.

Jioni ile hakukalika nyumbani. Alizunguka meza, akatoka, akarudi, akafungua kisu, taka, akakifunga, akakifungua.

“Kiweke hicho chini,” mkewe akasema kutoka kwenye cherehani.

“Nafikiri.”

“Unafikiri kwa kidole gumba. Kiweke.”

Akakiweka. Mkewe akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja, akageuka mzima.

“Toka nje. Ingia kama unavyokwenda kwenye kuta za watu. Usitabasamu, maana huko hutabasamu.”

“Mke wangu, haya ni maigizo gani?”

“Toka!”

Akatoka. Akaingia na kofia, jaketi, begi, buti. Mkewe alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa chumbani, ameufungua upenyo wa jicho moja. Akasema, na sauti yake haikuwa ya utani, “Sijui unataka nini.”

“Mimi?”

“Huyo aliyeingia. Sioni macho yake, kofia imeyameza. Jaketi halina rangi, na mtu asiyetaka kuonekana huwa ana sababu. Na mkono wako wa kulia, baba watoto, kila ukipiga hatua unapita kwenye kisu kama unakipigia hodi. Sasa kitoe.”

Taka!

Mkewe aliruka. Aliruka kweli, na alijua kwamba kinatoka. Wakatazamana, na Sikio akaona aibu kidogo, kama mtu aliyemkanyaga mgonjwa.

Hapo wakaanza kazi. Walitandaza kila kitu juu ya kitanda kama watu wanaotaka kusafiri. Ovaroli la bluu likatolewa kwenye matambara. Mkewe alikata kitambaa cha njano kilichobaki kwenye sare za shule moja, akamshonea kizibao cha kuvaa juu yake, njano ya kuumiza macho, inayoonekana toka mwisho wa mtaa. Kofia ikawa ile ya ukindu yenye ukingo wa kupanda, uso wote nje. Begi la mgongoni likawekwa kando: fundi, mkewe alisema, hubeba vyombo vyake mbele ya watu, mwizi ndiye hubeba mgongoni. Akampa kapu la turubai lenye mdomo wazi, vyombo vimesimama vichwa juu, mpita njia anaona spana, brashi, koleo, tambara.

Visu ndivyo vilivyowachelewesha. Kile cheusi kilikwishahukumiwa. Sikio akaleta cha jikoni, cha zamani, akakivingirisha kwenye gazeti.

“Hicho ndicho kibaya kuliko vyote,” akasema mkewe. “Kisu kilichofichwa ni kisu cha mtu mwenye nia yake.”

“Basi nichukue panga. Kila mtu ana panga.”

“Shambani. Ukiwa na panga shambani wewe mkulima. Ukiwa nalo mtaani alfajiri, wewe habari ya redio.”

Mwisho mkewe akavuta sanduku la vyombo vyake, akatoa mkasi wa kupogolea miti ambao mteja mmoja alimpa baada ya kushindwa kuutumia. Mkubwa, mzito, mipini myekundu. Sikio akaufungua, akaufunga, kwachu, kwachu. Mizizi ya unene wa kidole ungeikata bila taabu. Na cha ajabu, alipomwendea mkewe akiwa ameushika, mkewe hakurudi nyuma hata kidogo.

“Kwa nini huogopi? Huu ungeweza kukata kidole.”

“Sijui. Labda kwa sababu mkasi lazima usimame uutumie. Mtu mwenye mkasi ana kazi.”

Kwa kazi ndogondogo wakachagua kisu kifupi cha kupandikizia miche, mpini wa mti, ncha butu kama ulimi. Kitakaa kapuni, si kiunoni. Kitafunguliwa kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayetaka kumenya chungwa. Na kabla hakijatoka, mdomo utangulie: “Nakata majani haya, jamani, nione koki.”

Shemeji akaingia katikati ya hayo bila kubisha, kama kawaida yake. Alimtazama Sikio kutoka ukindu mpaka buti.

“Yarabi! Dada, shemeji yangu umemfanya kifaranga?”

“Kifaranga hajapigiwa filimbi na mtu,” dada yake akajibu. “Na wewe chukua mzigo wako huu mweusi.”

“Mitumba ikitoka hairudi. Shemeji, utakwenda kweli hivyo? Watoto watakukimbilia wakidhani unauza barafu.”

“Afadhali wanikimbilie,” akasema Sikio, “kuliko wanikimbie.”

Alisema hivyo kwa ujasiri, lakini kesho yake alfajiri, alipojiona kwenye kioo cha dirisha la benki, moyo ulimshuka. Muuza maziwa alimpita karibu kabisa. Hakupunguza mwendo, hakugeuza shingo. Alimpita kama anavyopita nguzo. Sikio alipaswa kufurahi. Badala yake alijikuta anamtazama mgongo mpaka kona, kama aliyesahaulika kwenye harusi. Miezi minne alikuwa mtu wa kutazamwa. Hata kuogopwa, kumbe, kuna utamu wake, na utamu ule ulimtia wasiwasi kuliko barua.

Mtaa wa kwanza ukapita salama, na wa pili na wa tatu pia. Ukuta mweupe alikuwa anaukwepa. Siku ya tatu akajisemea, leo. Akafika kona alfajiri, akaona taa ya jikoni ya nesi inawaka, miguu ikamgeuza. Hapo alikuwa amenaswa na kazi yenyewe: mvujo husikika mji ukiwa kimya, na kubisha hodi kwa heshima kunataka jua liwe juu. Huwezi kumgongea mwanamke anayeishi peke yake saa kumi na moja alfajiri ukamwambia nisikilize ukuta wako. Alfajiri ile aliiweka fimbo mbali, upande wa pili wa barabara, na hata huko akausikia mvujo. Haukuwa ssss tena. Ulikuwa unachemka.

Siku ya tano, saa tatu asubuhi, jua likiwa kali na watu tele barabarani, akasimama kwenye geti la nyumba ya kona. Fimbo aliiegemeza nje, mbali na mkono. Kapu akaliweka chini, mdomo wazi. Akarudi nyuma hatua tatu ili aonekane mzima.

“Hodi! Hodi hapa! Idara ya maji!”

Kwa yale masikio yake, akasikia kitu ambacho mtu mwingine asingekisikia: ndani ya nyumba, kitu kizito cha mbao kikiburutwa sakafuni. Kikasimama. Kikaburutwa tena. Ndipo komeo likafunguliwa, na mlango.

Alitoka mama mrefu, mkavu, miwani kifuani kwa kamba. Alimtazama kupitia vyuma vya geti. Akaangalia kizibao, kofia, kapu.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba. Nani wewe?”

“Fundi wa mabomba. Kuna maji yanavuja chini ya ukuta wako. Naomba ruhusa niifikie koki, iko upande wa ndani, chini ya ua.”

Nesi akashusha pumzi ambayo ilionekana amekaa nayo wiki nzima. “Afadhali wamekuleta wewe,” akasema, akatia ufunguo kwenye kufuli. “Wewe angalau una sura ya mtu. Kuna mmoja wenu huko, jambazi kabisa. Nimemwandikia barua. Walimfukuza?”

Hapo palikuwa na njia nyeupe kabisa, jamani. Ilimtosha kusema, sijui, Mama, mimi ni wa mtaa wa pili. Angekata mizizi yake, angefunga koki, angekwenda zake, na siku ya sita ingepita. Hata mdomo ulikwishafunguka. Lakini kutoka getini aliona ndani mpaka sebuleni, na sakafuni, kwenye saruji iliyosuguliwa ikang'aa, kulikuwa na mikwaruzo miwili mipya, sambamba, kutoka ukutani mpaka nyuma ya mlango. Kabati. Mama wa umri ule alikuwa anasukuma kabati kila jioni na kulivuta kila asubuhi.

“Hawajanifukuza, Mama,” akasema. “Ni mimi.”

Nesi hakuelewa mara moja. Alipoelewa, mkono ulibaki kwenye kufuli, nusu limefunguka.

“Wewe?”

“Mimi. Nilikuwa nasikiliza bomba, sikuwa nakusikiliza wewe. Lakini ulichokiona ulikiona. Nisamehe.”

Nesi akafunga kufuli tena, kla! Akaingia ndani. Sikio akabaki nje, anahamisha uzito mguu huu, mguu ule. Ameenda kupiga simu, akawaza. Basi, nimekwisha. Kiti kile cha sifongo alikihisi kabisa chini yake.

Nesi akatoka. Mkononi alikuwa na panga.

Halikuwa panga la bustani lililosahauliwa kwenye mvua. Lilinolewa hivi karibuni. Makali yake yalikuwa meupe urefu mzima. Alilishika vibaya, kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika samaki hai, na alikuja nalo moja kwa moja mpaka getini. Sikio alijikuta amerudi nyuma mpaka katikati ya barabara. Hakukusudia, miguu ilikwenda yenyewe. Alitafuta macho ya yule mama ajue anataka nini, na hakuyapata, maana jua lilikuwa linapiga kwenye miwani.

“Unaogopa?” nesi akauliza.

“Naogopa, Mama.”

“Sana?”

“Sana.”

“Vizuri.” Akafungua kufuli. “Hili nimelinunua kwa ajili yako. Linalala chini ya mto wangu tangu Jumanne ile. Nimewachoma watu sindano miaka thelathini na tano, sijawahi kufikiria kumkata mtu, na wewe umenifikisha huko. Ingia.”

Akaingia, kwa ubavu, macho kwenye panga. Wakaenda nyuma ya ua. Sikio akaonyesha kila chombo kabla hajakitoa kapuni, kama mganga wa meno anavyomwonyesha mtoto. Nesi alisimama hatua nne nyuma yake, na kila alipoinama alihisi shingo inawasha. Mkasi ulikula majani na vitawi vizuri tu. Lakini kifuniko kilikuwa kimekumbatiwa na mzizi mmoja mnene kama mkono, na maji yalikwishaanza kububujika pembeni yake, ya matope. Akajaribu mkasi. Ukang'ata ukakwama. Akajaribu kile kisu cha ncha butu. Ilikuwa kama kukata ng'ombe kwa kijiko.

Ukutani ufa ulikuwa umepanuka. Waliutazama wote wawili, na ukadondosha chembe za lipu mbele yao.

“Panahitaji panga,” Sikio akasema, bila kugeuka. “Ninalo, lakini sikuja nalo.”

“Kwa nini?”

“Nisikutishe.”

Nesi akatoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kikohozi. Akaligeuza panga, mpini ukamwelekea Sikio, makali upande wake mwenyewe, kama walivyofundishwa zamani kumpa daktari kisu. “Shika. Taratibu.”

Sikio akashika, taratibu. Akapiga mzizi pigo la kwanza, la pili, vipande vikaruka. Na hapohapo, kutoka juu ya ukuta wa ng'ambo, kikatokea kichwa cha jirani, dereva wa lori, povu la mswaki bado mdomoni.

“Wee! Weka chini hilo panga! Jamani, nesi anauawa! Nimeshapiga simu! Nimepiga idara ya maji, nimepiga kila mtu!”

“Nani anauawa?” nesi akafoka. “Nimelala chini mimi? Mara tatu nzima mtu amechutama ukutani kwangu hukuona. Leo nina mgeni mchana kweupe ndio umeamka? Kasukutue mdomo!”

Kichwa kikazama. Lakini simu ilikuwa kweli imepigwa, na dakika mbili hazikupita simu ya Sikio ikalia mfukoni. Msimamizi. Akaiangalia kama mtu anavyoangalia majibu ya hospitali.

“Sikio, uko wapi? Nina mtu hapa analia kwenye simu kwamba fundi wangu amemvamia bibi na panga.”

“Bosi, niko kwa nesi, ni mzizi, panga lenyewe si langu…” Alikuwa anazungumza huku anazunguka shimo, raundi ya kwanza, ya pili.

“Nilikwambia nini? Nilikwambia moja tu. Nikuandike au nisikuandike?”

Nesi akamnyang'anya simu. “Andika,” akasema, kwa sauti aliyokuwa akiwaamshia wagonjwa wodi nzima. “Andika: panga ni langu, mzizi ni wangu, mtu nimemkaribisha mimi. Na ile barua yangu siifuti. Aliyekuja Jumanne alinitisha na itabaki hivyo. Huyu wa leo sina shida naye. Ukitaka kumkalisha mahali, subiri kwanza amalize, ukuta wangu unaanguka.”

Akamrudishia simu. Upande wa pili msimamizi akacheka kwa pua.

“Sikio.”

“Naam, bosi.”

“Kiti nitampa mtu mwingine. Tangu tuanze kuzungumza nakusikia unatembea tu, shwapu shwapu, kwenye matope. Wateja wangu wangepata kizunguzungu. Maliza kazi.”

Aliweka simu mfukoni, akalishika tena panga. Mapigo manne zaidi, mzizi ukakatika. Kifuniko kikainuka kwa spana, koki ikagoma, ikalia, ikakubali. Maji yakachemka mara ya mwisho, yakashuka, yakatulia. Akapiga magoti akatega sikio moja kwa moja kwenye chuma, bila fimbo, huku akijua kwamba nesi anamtazama. Bomba lilikuwa kimya.

“Wachimbaji watakuja saa nane,” akasema. “Watakuwa wawili, na majembe. Nitakuja nao mwenyewe, ili usishtuke.”

“Waambie wapige hodi wakiwa bado barabarani.”

“Nitawaambia.”

Akalifuta panga kwa tambara, upande huu na upande ule, akaligeuza mpini mbele, akampa. Nesi akalipokea, akalipima uzito kama anaona kwa mara ya kwanza kwamba ni zito.

“Utalala nalo tena, Mama?” Sikio akauliza. Alitaka kusikia hapana. Alilitaka neno hilo kuliko alivyotaka chai.

“Hiyo si kazi ya idara ya maji,” nesi akamjibu. Akatembea nalo mpaka mlango wa jikoni, akasimama hapo, nusu ndani nusu nje. “Leo nitaliweka jikoni. Kesho nitaona.”

Na Sikio akachukua kapu lake, akatoka getini, akamsikia nyuma yake akifunga kufuli, mara moja, halafu akilivuta kuhakikisha.